Laptopu ya kioo cha glosi au cha mati? Kwanza angalia dirisha lako

Maduka mengi ya laptopu hayapati jua. Pita Kariakoo uone: mashine imewekwa ndani kabisa, video ya samaki wa rangi inazunguka, na kioo cha glosi kinameremeta hadi unatamani kukigusa. Mimi niliingia mkenge hivyo hivyo. Nilipofika nyumbani nikaiweka mezani, dirisha likiwa mgongoni, nikafungua hesabu za mwezi. Badala ya tarakimu nikaona kamba ya nguo ya jirani, kanga mbili na shuka, na katikati yake uso wangu umekunja ndita. Miaka mitatu nimefanya kazi pazia likiwa limefungwa mchana kutwa.

Ndiyo maana hapa chini nimepanga kwa kufuata mwanga wa mahali unapokaa. Uzuri wa picha dukani nimeuweka kando.

Kioo cha glosi ni laini, kwa hiyo hurudisha taa au dirisha likiwa na umbo lake kamili. Cha mati kimekwaruzwa kwa ustadi, mikwaruzo midogo isiyoonekana, na mwanga ukigonga hapo hutawanyika. Wengi hudhani mati humeza mwanga. Haimezi, huusambaza tu, na ndiyo sababu ukiwa sehemu yenye mwanga mkali, nyeusi yake hugeuka kijivu. Kwenye ukurasa mweupe pia utaona chengachenga kama mchanga laini. Wengine huzizoea kwa siku mbili, wengine haziwatoki machoni.

1. Mati ya IPS (aina ya kioo ambayo rangi hazigeuki ukiitazama kwa pembeni), niti 300 kwenda juu. Niti ni kipimo cha ukali wa mwanga wa kioo. Kwa anayeandika, anayefanya hesabu, mwanafunzi, au mtu wa kukaa barazani, hii ndiyo chaguo langu la kwanza. Habari njema ni kwamba laptopu nyingi za maofisini zinazouzwa mitumba, yaani ThinkPad, Latitude na EliteBook, huja na mati. Ila tahadhari: nyingi za zamani zina kioo cha TN, ambacho rangi zake hugeuka ukikitazama kwa pembeni, cha nukta 1366×768. Inamishe mbele na nyuma. Rangi zikigeuka kama picha iliyoungua, rudisha.

2. Glosi yenye utando wa kupunguza mwako, niti 400 au zaidi. Hapa hesabu ndogo inasaidia. Glasi tupu hurudisha kama 4% ya mwanga unaoigonga. Tuseme anga jeupe nyuma yako lina niti 5,000: zinazorudi machoni ni 200. Kioo chako kikiwa na niti 250, dirisha na kazi yako vinagombania macho yako karibu nguvu sawa. Utando mzuri hushusha ile 4% hadi chini ya 2%, na kioo cha niti 500, kama cha MacBook Air ya M2 ya 2022, kinashinda bila jasho. Kwa anayehariri picha au anayetazama filamu usiku, hii naipandisha namba moja bila ubishi, kwa sababu weusi wake ni weusi kweli. Ukinunua iliyotumika, chunguza utando: baadhi ya MacBook Pro za 2012 hadi 2015 zilibambuka hadi Apple ikawa inabadilisha vioo bure, na muda huo umeshapita.

3. Nano-texture ya Apple. Mikwaruzo imechongwa kwenye glasi yenyewe. Kwenye MacBook Pro ilianza 2024, kwa nyongeza ya dola 150 bei ya Marekani. Ni nzuri mno. Nimeiweka ya tatu kwa ajili ya mfuko tu, na kwa sababu inataka kitambaa chake maalumu, si pindo la shati.

4. Glosi ya niti 250. Laptopu nyingi za bei nafuu za kugusa kwa kidole ziko hapa. Inunue kama chumba chako kina giza.

Monita ni rahisi zaidi kwa sababu haihami. Igeuze ubavu kwa dirisha, nusu ya tatizo imeisha. Nyingi za ofisini ni mati tayari. Ukitaka QD-OLED, aina ya kioo ambacho kila nukta hutoa mwanga wake yenyewe, jua kwamba chumba kikiwa na mwanga mwingi nyeusi yake huvuta zambarau. Zile plastiki za kubandika juu ya glosi sizipangi kabisa. Herufi hupoteza ukali, na mapovu hayaishi.

Dukani, mwambie muuzaji azime kioo, kisha mulika tochi ya simu. Ukiona kitaa chenyewe, duara kali, ni glosi. Kikitanuka kama pamba, ni mati. Duara likiwa na rangi ya zambarau au kijani, kuna utando wa kupunguza mwako. Baada ya hapo iwashe, fungua ukurasa mweupe, halafu picha nyeusi, na uibebe hadi mlangoni kwenye jua. Akikuambia waya wa chaji haufiki mlangoni, mwambie achomoe. Na ikizimika kabla hujafika mlangoni, basi cha kioo tuache, tuulize habari ya betri.