Programu ya utabiri wa hali ya hewa katika wiki ya marathoni: uzoefu wangu

Naipa nyota nne, na karibu zote imezipata kwenye ukurasa ambao watumiaji wengi hawaufungui. Ukurasa wa mbele, wenye kijua na namba moja kubwa ya nyuzijoto, kwa mtu anayejiandaa na marathoni ya Septemba, Oktoba au Novemba huko kaskazini mwa dunia hauna maana kubwa. Namba ile ni joto la juu kabisa la siku, ambalo kwa kawaida hufika alasiri. Mbio zikianza saa mbili asubuhi, mwenye kasi atakuwa ameshavaa medali na kubadili nguo kabla halijafika. Anayekimbia kwa saa tano anamaliza saa saba mchana, na mchana wake haufanani hata kidogo na asubuhi ya yule wa kwanza. Kwa hiyo mimi huruka moja kwa moja hadi jedwali la saa kwa saa.

Nililipia programu hii kwa sababu ya safu moja tu ya jedwali hilo: kiwango cha umande. Hili ni joto ambalo hewa ikipoa hadi hapo, mvuke uliomo huanza kuwa matone. Wengi hutazama asilimia ya unyevu, na asilimia hiyo inapotosha. Alfajiri ya nyuzi 6 inaweza kuonyesha unyevu wa asilimia 95 na bado ukakimbia raha mstarehe, kwa kuwa hewa baridi haibebi mvuke mwingi. Umande hapo uko kwenye nyuzi 5 hivi. Asubuhi ya nyuzi 20 yenye asilimia 80 inaonekana kavu zaidi ukisoma asilimia peke yake, ilhali umande wake umepita nyuzi 16, na hapo jasho linachuruzika bila kukauka. Ukikimbia, sehemu kubwa ya nishati unayochoma, kama robo tatu, inageuka joto ndani ya mwili, na njia kuu ya kulitoa ni jasho kukauka juu ya ngozi. Lisipokauka, unapoteza maji na hupoi.

Kanuni niliyojiwekea ni hii: umande chini ya nyuzi 10, nakimbia kama nilivyopanga. Kati ya 10 na 15 napunguza mwendo kidogo tangu kilomita ya kwanza, nikiwa bado najisikia vizuri. Ukipita 16, muda niliokuwa naufukuzia nauacha nyumbani, nakimbia ili nimalize. Wenye miili mizito kuliko wangu huenda wakahitaji kushusha viwango hivyo.

Anayedhani miezi hiyo huko kaskazini ni baridi tu akumbuke marathoni ya Chicago, Marekani. Tarehe 7 Oktoba 2007 joto lilikaribia nyuzi 31, na saa tatu na nusu hivi tangu mbio zianze waandaaji wakazisimamisha, maelfu wakiwa bado barabarani. Mshindi, Patrick Ivuti, alitumia saa 2:11:11, akimpita Jaouad Gharib kwa sehemu ndogo ya sekunde. Oktoba 2023, jiji lilelile, asubuhi ikiwa na ubaridi, Kelvin Kiptum akaandika rekodi ya dunia ya 2:00:35. Siwezi kusema tofauti yote hiyo ni hewa. Viatu vimebadilika na Kiptum alikuwa Kiptum. Lakini hakuna ambaye angekimbia 2:00 katika joto lile la 2007. New York, Novemba 2022, siku ya joto lisilo la kawaida kwa mwezi huo, Daniel do Nascimento aliongoza kwa kasi kubwa mno, akaanguka akiwa amepita kilomita 30, na Evans Chebet akampita na kushinda. Mwaka uliofuata waandaaji wa Twin Cities, Minnesota, walifuta marathoni yao ya tarehe 1 Oktoba kwa sababu ya joto.

Sasa utabiri wenyewe. Programu inaonyesha siku 15 mbele, na zote zimeandikwa kwa uhakika uleule, kana kwamba Jumapili ya wiki mbili zijazo inajulikana sawa na kesho asubuhi. Hapa ndipo inapokosa uungwana. Zaidi ya wiki moja kabla ya mbio zangu iliniandikia nyuzi 21 na mvua; keshokutwa yake ikasema 12 na jua; halafu ikarudi kwenye mvua. Kwenye kundi letu la mazoezi watu walikuwa wanatumiana picha za skrini kila asubuhi, huyu analia, yule anashangilia. Ukifungua grafu iliyofichwa chini ya menyu, unakuta maelezo: utepe mpana wa rangi hafifu unaozunguka mstari. Kituo cha Ulaya cha utabiri, ECMWF, huendesha kompyuta zake mara 50 na zaidi kwa utabiri mmoja, kila mara kikibadilisha kidogo hali ya kuanzia. Majibu yote yakikaribiana, utepe ni mwembamba na unaweza kuuamini. Yakitawanyika, ile namba moja ya ukurasa wa mbele ni ya kubahatisha. Utepe wangu ulikaa mpana hadi katikati ya wiki ya mbio. Ijumaa ukabana, na kuanzia hapo utabiri haukuyumba tena. Ningekuwa mtengenezaji wa programu, ningeuweka utepe huo mbele na kile kijua ningekitupa.

Siku ya mbio joto lilikwenda kama lilivyoandikwa, karibu nyuzi kwa nyuzi: 11 wakati wa kuanza, 16 nilipomaliza, umande ukiwa 9. Mawingu nayo yalikuja kwa saa yake.

Upepo ni kesi nyingine. Iliandika kilomita 20 kwa saa, nasi tulikutana na kitu kikali zaidi kila tulipotoka kwenye majengo. Sababu inaeleweka: kipimo cha kawaida cha upepo ni cha mita 10 juu ya ardhi, mahali pa wazi, na barabara ya mjini si mahali pa wazi. Ghorofa hukukinga mtaa mmoja, mtaa unaofuata zinaubana upepo na kukurushia usoni. Ndiyo maana mwelekeo una uzito kuliko kasi, na jedwali linauonyesha kwa mshale mdogo mno kwa macho yangu. Kwenye njia ya mzunguko, upepo unaokupiga kifuani utakusukuma mgongoni baadaye, ingawa haurudishi vyote ulivyochukua. New York ni tofauti: unaanzia Staten Island, unavuka daraja la Verrazzano, kisha sehemu kubwa ya njia inaelekea kaskazini hadi Bronx, kwa hiyo upepo wa kaskazini ukikupata hapo ni wako kwa saa nyingi. Mwaka 2014 ulivuma kwa nguvu kiasi kwamba wanamichezo wa viti vya magurudumu walianzishiwa mbio upande wa pili wa daraja hilo.

Rada ya mvua nimeipenda sana. Tukiwa tumesimama kwenye uwanja wa kusubiria, ilinionyesha manyunyu yatapita kabla hatujaanza, kwa hiyo mfuko wa plastiki niliojivika nikauvua dakika za mwisho nikiwa mkavu. Kwa saa moja au mbili zijazo rada haina mpinzani. Ila fungua mapema: makumi ya maelfu ya watu wakikusanyika pamoja, mtandao wa simu unazidiwa. Mimi hupiga picha ya skrini ya jedwali zima usiku wa kuamkia mbio.

Nyota niliyoinyima ni kwa mambo mawili. Kwanza, namba ya "joto linavyohisiwa" imetungwa kwa mtu anayetembea kivulini, na mkimbiaji wa marathoni hayupo kivulini wala hatembei (naam, baadhi yetu tunatembea baada ya kilomita 35). Waandaaji wa mbio kubwa hutumia kipimo kinachojumlisha joto, unyevu, upepo na ukali wa jua, na ndicho kinachoamua rangi za bendera za tahadhari: kijani, njano, nyekundu, nyeusi. Programu haina kipimo hicho, hata kwa anayelipia. Pili, kuna ujumbe unaosema "Hali nzuri kwa kukimbia", na unamwambia hivyo hivyo anayekwenda kilomita tano na anayekwenda 42. Wa nyuma ndio hukaa juani muda mrefu zaidi, na ndio wanaohitaji ushauri wa kweli.

Usajili wa mwaka sijauchukua. Nalipa kwa mwezi, kuanzia wiki za mazoezi marefu hadi siku ya mbio, kisha nasitisha.