Sili za valvu za NOK kwenye injini ya 5A-FE: uzoefu wangu

Nikianza na jibu: sili hizi za NOK, kampuni ya Kijapani, yaani vimpira vinavyozuia oili isipenye kwenye shina la valvu, zinafanya kazi, na nikipata gari lingine la umri huu nitanunua hizi hizi. Ila kabla hujatoa hela, hakikisha kwanza kama ugonjwa wa injini yako ni sili kweli. Wengi wanaouziwa ringi za pistoni walihitaji sili tu, na kuna wanaobadili sili huku ringi ndizo zimekwisha.

Gari ni Toyota Carina Ti ya 1998, injini ni hiyo 5A-FE, lita 1.5, valvu 16. Ilikuwa inakula oili na haivuji hata tone. Asubuhi ukiwasha inatoa moshi wa bluu, kisha inatulia kana kwamba hakuna kitu. Kilichonifungua macho ni mlima Kitonga. Unaposhuka kutoka Iringa umeachia mafuta na gia ndiyo inayolishika gari, injini inanyonya hewa kwa nguvu, na oili iliyoko juu ya hedi (kichwa cha injini, ambamo valvu hukaa) inavutwa kupitia kwenye shina la valvu. Ukifika chini ukakanyaga mafuta, wa nyuma yako hakuoni. Moshi wa ringi tabia yake ni nyingine: hutoka zaidi injini ikiwa na mzigo, mfano unapoupanda mlima huohuo.

Gereji ya kwanza hawakutaka hata kupima. "Bosi, hii tushushe injini, piga ringi mpya, maliza kila kitu." Nikaenda kwa fundi mwingine mwenye geji ya kompresheni, ya kupima mgandamizo ndani ya silinda. Kwa 5A-FE ukisoma chini ya 142 psi ujue una shida. Zangu zote zilivuka 165 na hazikupishana sana. Akaongeza oili kidogo kwenye kila silinda, akapima tena, kipimo kikapanda kidogo sana; ringi zingekuwa zimekwisha kingepanda sana. Hapo ringi zikaachiwa huru. Plagi nazo mbili zilikuwa na masizi yenye oili.

Sasa sili zenyewe. Seti ina 16, za kahawia upande wa hewa inapoingia na nyeusi upande wa ekzosi, na usizichanganye. Mpira wake ukiuminya unarudi mara moja, na mdomo wa ndani hauna mabaki ya mpira ya kiwandani. Nilizilinganisha dukani na seti ya bei chee: ile mdomo ulikuwa na vipande vinavyoning'inia, na kaspringi kanakoubana kwenye sili moja kalikuwa kamekaa upande. Muulize muuzaji pia aina ya mpira. Ule wa kawaida hukauka kwa joto la upande wa ekzosi. Unaoitwa Viton unavumilia hadi karibu nyuzi 200. Sili za zamani zilipotoka kwenye hedi yangu zilikuwa ngumu kama punje za mahindi makavu, nyingine zikapasuka kwenye koleo.

Tulishusha hedi kwa sababu gasketi nayo ilikuwa ya kubadili. Kazi hii inawezekana pia hedi ikiwa mahali pake, ukijaza hewa ya kompresa kwenye silinda ili valvu isidondoke, lakini hapo huwezi kupima gaidi, yaani vile vibomba ambamo shina la valvu hupanda na kushuka. Na gaidi ndiyo roho ya kazi yote. Zikilegea, valvu inacheza, mdomo wa sili unapanuka, moshi unarudi mapema. Kikomo cha nafasi kati ya shina na gaidi ni milimita 0.08 kwa valvu za kuingiza na 0.10 kwa za ekzosi. Kwangu mbili za ekzosi zilikuwa zimepita, zikabadilishwa kwa fundi mashine, na bili yake ilizidi bei ya sili zote. Sikuifurahia, ila niliilipa.

Kitu kimoja cha kumkumbusha fundi wako: kwenye injini hii mkanda wa taimingi unazungusha kamshafti (shafti inayofungua valvu) moja tu, na hiyo ndiyo inayozungusha ya pili kwa gia. Gia ya kamshafti ya kuingiza ina springi ndani, kwa hiyo kabla ya kuitoa kamshafti hiyo, gia ishikizwe kwa bolti ya milimita 6. Wanaoruka hatua hii hupata tabu wakati wa kurudisha.

Sili zilipakwa oili, kisha zikasukumwa kwa soketi ndefu inayogusa chuma cha nje peke yake, kwa kiganja, bila nyundo. Kasoro ya seti iko hapa: hakuna kifuniko cha kuvalisha ncha ya valvu. Ncha ile ina mfereji wenye makali, sili ikipita juu yake inaweza kuchanika. Fundi wangu alizungushia kipande cha nailoni laini na kazi ikaenda, lakini kwa bei hii kifuniko kilipaswa kuwemo.

Tangu hapo moshi wa asubuhi umekwisha, na oili haishuki kati ya sevisi na sevisi kiasi cha kunifanya niongeze. Nguvu ya gari haikubadilika, wala usiitegemee. Sili haziongezi nguvu. Natoa nyota nne. Ya tano imekwama kwenye kile kifuniko, na kwenye feki zilizojaa madukani: boksi linafanana kabisa, kwa hiyo lifungue palepale kaunta uuminye mpira kabla ya kulipa.