Redio za ePMP mnarani Mtwapa: uzoefu wangu

Nauza intaneti kwa nyumba na maduka ya upande wa Mtwapa, pwani ya Kenya, kwa redio za masafa ya 5 GHz zinazorusha intaneti hewani kutoka mnarani hadi kwa mteja. Wateja wa mwanzo niliwafungia NanoStation M5 za Ubiquiti: bei ya mtu anayeanza, na kazi zilifanya. Tatizo lilikuja na majirani. Masafa haya kila mwenye mnara anayarusha, na ikifika jioni ni kelele tupu.

Ndipo nikaweka mnarani redio za ePMP 1000 za kampuni ya Cambium, zenye GPS, yaani zinazolinganisha saa zao kwa setilaiti. Jina ni jipya lakini ukoo ni wa zamani: Cambium ilitokana na biashara ya redio za Canopy ya Motorola, iliyouzwa kwa kampuni ya uwekezaji ya Vector Capital mwaka 2011. Faida ya GPS ni kwamba sekta zote za mnara (kila sekta ni redio na antena inayohudumia upande mmoja) hurusha kwa pamoja na kusikiliza kwa pamoja, basi hazipigiani kelele zenyewe kwa zenyewe. Simu za video za jioni zikaacha kukwama. (Mnazi ukisimama katikati, GPS haikusaidii kitu.)

Kilichonivuta hasa ni Elevate, programu ya Cambium iliyoingizwa ndani ya redio ya mshindani wake. Kwa kawaida NanoStation haielewani na mnara wa ePMP, kila kampuni ina lugha yake. Nilijaribu moja mezani kwanza. Nikafungua ukurasa wake, nikapakia faili, taa zikazima na kuwaka, ukurasa ukarudi na sura ya Cambium huku plastiki ya nje bado imeandikwa Ubiquiti. Nilicheka peke yangu. Redio zilizokuwa juu ya mapaa nikazibadilisha nikiwa nimekaa, bila ngazi na bila kukanyaga mabati ya mtu. Gharama ikawa leseni tu.

Ubiquiti hawakucheka. Mwaka 2018 waliwapeleka Cambium mahakamani kule Illinois, Marekani, wakidai programu ya Ubiquiti imetumiwa kinyume cha leseni. Kesi ilimalizwa kwa makubaliano mwaka 2021. Mimi wateja wapya nawafungia Force 300-25, dishi lenye nguvu ya antena ya 25 dBi, na sijutii: kwenye upepo wa bahari limetulia, mradi kichwa cha waya ukizibe vizuri, chumvi isikigeuze kijani.

Ila kabla ya kununua redio yoyote, uliza mwenye kampuni ni nani leo. Mimosa, watengenezaji wengine wa redio hizi, ilinunuliwa na Airspan mwaka 2018, kisha 2023 ikaenda kwa Radisys, ya kundi la Jio la India. Siklu, nao wa redio, ilichukuliwa na Ceragon mwaka huohuo wa 2023. Alvarion, iliyotamba enzi za WiMAX (teknolojia ya zamani ya intaneti ya hewani), iliwekwa chini ya mfilisi mwaka 2013. Nina redio za chapa moja, sitaitaja, ambayo baada ya kuuzwa ukurasa wa kupakulia programu ulitoweka. Zinafanya kazi, lakini ikiharibika moja nabaki kutafuta faili kwa mafundi wenzangu. MikroTik wa Riga hawajauzwa mpaka leo, na ruta zangu zote ni zao.

ePMP naipa nyota nne kwa tano, ya tano nimeizuia kwa bei. Kwa mnara wenye sekta kadhaa, nunua. Kama unaunganisha nyumba na ghala tu, GPS huna kazi nayo, chukua jozi ya redio za LiteBeam za Ubiquiti.