Rivyu yangu ya mifuko ya kolostomi, ile ya kupokea choo kinapotokea tumboni, nimeivaa miaka mitatu na nusu sasa

Naandika hii kwa sababu nilipotoka wodini nilitafuta mtu wa kuniambia ninunue ipi nikakosa. Kila nilichokiona ni namna ya kuvaa siku ya kwanza, na jamani siku ya kwanza mfuko wowote ni mzuri, umelala kitandani hujainama wala hujapanda daladala.

Mi ni fundi cherehani, nipo Mbagala. 2021 nikakutwa na saratani ya njia ya haja kubwa, chini kabisa karibu na mlango wenyewe, nikapigwa mionzi pale hospitali ya saratani Ocean Road halafu upasuaji, wakatoa huko chini kote wakashona, choo kikahamishiwa tumboni upande wa kushoto. Ya kudumu, sio ile ya kurudishwa baada ya miezi. Kile kinachochomoza tumboni ndo wanakiita stoma, chekundu na kibichi kama ndani ya mdomo, na ukikigusa hakiumi kabisa, wiki nzima nilikuwa nakigusa tu nashangaa.

Haya, mifuko. Iko ya pisi moja, gundi na mfuko vimeungana, ukibandua unabandua vyote. Na iko ya pisi mbili, unabandika sahani yake kwenye ngozi halafu mfuko unaubana kwenye ringi mpaka usikie tak.

Nilianza na pisi moja ya bei rahisi, 4,000 kila mmoja, brandi siitaji. Wodini ilishika. Nyumbani sasa, mwezi wa pili, joto lile, chumba cha bati, nimeinamia cherehani kutwa, gundi inalainika pembeni kama bigijii iliyoachwa juani na ikifika mchana unasikia kamuwasho chini yake. Huo muwasho ukiusikia ujue choo kimeshapenya, usijipe moyo eti utabadilisha ukifika nyumbani. Kwa hiyo nikawa nabandua kila siku, wakati mwingine mara mbili, ngozi ikachubuka kama goti la mtoto, na ngozi mbichi haishiki gundi, basi ikawa ni kuzunguka humo humo.

Kilichonifanya niiache ni klipu ya kufungia chini. Harusi ya mtoto wa dada yangu, nimekaa meza ya familia, nainuka kwenda kutunza nasikia kapa, klipu imekatika. Mtoto wa dada mwingine akaona uso wangu, akanivua mtandio akanifunga kiunoni, "mama mdogo tembea mbele yangu usigeuke," tukatoka kama tunaenda kupiga picha. Miezi mitano baada ya hapo sikuhudhuria shughuli yoyote, nasingizia oda nyingi.

Pisi mbili niliogopa bei, sahani na mfuko wake niliuziwa 15,000. Lakini sahani inakaa siku tatu, nne kama hakuna joto kali, kwa hiyo ngozi inapumzika, ikichafuka ni mfuko tu unatolewa. Chini haina klipu, inakunjwa na kushikana yenyewe kwa velkro. Na gesi! Ukila maharage na kabichi mfuko unafura kama puto, ule wa pisi moja huna la kufanya zaidi ya kwenda chooni kufungua chini, huu unaachia ringi kidogo juu, hewa inatoka, unabana tena. Fanya hivyo chooni lakini, sio kwenye kiti cha daladala. Kuna na kachujio kadogo ka mkaa ka kuua harufu, ni kazuri mpaka kalowane, kakilowa basi, ndo maana wanaweka vistika vya kukafunika wakati wa kuoga, mi nilivitupa paketi mbili nzima nikidhani ni mapambo.

Ubaya wake: ringi ni ngumu, nguo ya kubana inajichora, na wiki za mwanzo kuibana kwenye tumbo lenye mshono kunauma, kwa hiyo aliyetoka kupasuliwa juzi pisi moja laini inamfaa zaidi kwa muda. Halafu ringi zina saizi na kila kampuni na yake. Duka moja Kariakoo nilipeleka sahani ya 57 nikapewa mifuko imeandikwa 57 vile vile, kufika nyumbani haibani, kampuni tofauti. Nikarudi, kijana akasema mama vilivyotoka dukani havirudi, akanibadilishia kwa mbinde nikafika nyumbani tena nakuta ni 45! Siku hizi naenda na sahani mkononi, nabana pale pale dukani nisikie tak ndo natoa hela.

Sasa kosa langu mwenyewe, na ni la aibu kwa fundi. Kwenye sahani unakata tundu la kuingiza stoma, liwe kubwa kuliko stoma kwa milimita mbili tatu tu. Nilichukua kipimo wodini, nikachora patani kwenye karatasi, miezi minne nakatia patani ile ile. Kumbe stoma inavimba baada ya operesheni halafu inanywea, wiki sita mpaka nane za mwanzo inazidi kupungua, kwa hiyo tundu lilikuwa pana na choo kinakaa kwenye ngozi. Mteja akikonda nampima upya, mwenyewe nimekonda sijajipima. Nilipokata upya nusu ya matatizo yaliisha, na hata ile brandi ya 4,000 pengine niliionea kidogo. Klipu sikuionea.

Mengine niliyoyajua kwa kuumia: osha kwa maji tu, dettol na spiriti hapana, wala usipake mafuta halafu ulalamike gundi haishiki. Kabla ya kubandika ipashe sahani kwapani au viganjani. Mwaga mfuko ukifika theluthi, usisubiri ujae. Kwenye boksi wameandika mfuko utumike mara moja, mi nausuuza naurudia, sikufundishi, nasema ninavyoishi. Ile plastiki inatoa jasho tumboni, nimeishonea foronya za kanga kuukuu, hiyo sikuikuta inauzwa popote. Na stoma ikigeuka nyeusi usiulizie mfuko, kimbia hospitali.

Mfuko hauponyi kila kitu. Kukaa kwenye stuli ya cherehani ilinichukua miezi, kule nyuma palikuwa panavuta. Mpaka leo kuna siku nabanwa na haja kule kule ambako hakuna kitu tena, nikadhani nimechanganyikiwa, daktari akasema ni mishipa ya fahamu inakumbuka. Swala, shekhe alinipa jibu la mwenye udhuru, natawadha upya kila wakati wa swala naswali. Mume wangu yeye aliogopa mfuko kuliko mimi, tukazungumza usiku mmoja taa imezimwa, yakaisha.

Nikawa najiuliza nani alibuni kitu hiki, nikakuta ni nesi wa Denmark, Elise Sørensen, 1954, dada yake aliyeitwa Thora alikuwa amefanyiwa upasuaji wa aina hii na hataki kutoka nje kwa kuogopa kuvuja. Nikasema kumbe tuko wengi. Wodini kwetu mama wa kitanda cha jirani alikuwa anafunga kifungashio cha nailoni kwa kitambaa kiunoni, mfuko hana.

Nyota: ile ya pisi moja naipa mbili, ya pisi mbili naipa nne, ya tano nimeizuia kwa ajili ya bei na ile biashara ya ringi. Mwezi uliopita nimeenda Tanga kwa basi na kurudi, nimelala njiani mdomo wazi.

Halafu ile mifuko ya 45 bado ninayo, pisi saba kwenye paketi yake. Mwenye sahani ya kubana nayo aseme, ila aje na sahani tusikie tak kwanza, hela sitaki.