Yadi za magari Mbeya: huduma zao, bei zao, na pa kuanzia maongezi

Magari yanayopangwa kwenye yadi za Mbeya, kandokando ya barabara kuu ya TANZAM, mengi si mapya ya kiwandani. Yametumika Japani, yameshuka bandari ya Dar es Salaam, yameendeshwa kilomita 830 hivi kupandishwa huku, yakaoshwa na kuandikwa kiooni mwaka, cc na "maongezi yapo". Kwa wanunuzi wengi wa nyanda za juu hilo ndilo gari jipya: bado halijakanyagwa na Mtanzania. Tathmini hii inahusu yadi za aina hiyo, na mwishoni kuna machache juu ya mawakala wa magari ya sifuri kilomita.

Kwa jumla napatia yadi hizi nyota tatu kati ya tano. Kwa uchaguzi zinastahili nne: IST, Vitz, Passo, Raum, Noah na Harrier hazikosekani, na unaligusa gari kabla hujatoa hela, jambo ambalo anayeagiza mtandaoni halipati. Kwa ukarimu hakuna wa kulalamika, maji ya kunywa na kiti utapewa. Kwa makaratasi zinapata mbili, na hapo nimezihurumia. Na bei inategemea umeingia getini na nini mkononi.

Kosa la kwanza la wateja ni swali la kwanza. Mtu anafika, anazunguka gari, anapiga teke tairi, anauliza, "Bosi, bei ya mwisho ngapi?" Kijana wa yadi anajibu, "19, ila kwa sababu ni wewe, njoo na 18 na nusu." Hapo maongezi yameshaanzia kwenye namba ya yadi, na utakachokipata ni laki tano za kukufurahisha. Swali linalobadilisha hali ni hili: "Kaka, TANSAD yake ipo hapa? Kodi ililipwa shilingi ngapi?" TANSAD ni hati ya forodha ya kuingizia gari nchini. Mwenye gari lake halali atafungua droo. Asiye nalo ataanza kupiga simu.

Hesabu yenyewe haina uchawi. TRA, mamlaka ya mapato, wana kikokotoo cha magari yaliyotumika kwenye tovuti yao, bure: unaweka aina, modeli, mwaka na ukubwa wa injini, kinakupa thamani wanayoitambua na kodi yake. Ushuru wa forodha ni asilimia 25 ya thamani ya gari likiwa limefika bandarini. Juu ya jumla hiyo kuna ushuru wa bidhaa: injini isiyozidi cc 1000 hailipi, cc 1001 hadi 2000 asilimia 5, zaidi ya hapo asilimia 10. Halafu kuna ushuru wa uchakavu, ambao wengi huusahau: gari dogo la abiria lenye miaka 8 hadi 10 huongezwa asilimia 15, na lililopita miaka 10 asilimia 30. VAT ya asilimia 18 inakuja mwisho na kukaa juu ya vyote hivyo.

Tuchukue mfano wa gari la cc 1300 lililopita miaka 10, thamani yake kwa TRA ikiwa 7,000,000. Ushuru wa forodha ni 1,750,000, jumla inakuwa 8,750,000. Asilimia 5 ya hiyo ni 437,500, na uchakavu wa asilimia 30 ni 2,625,000. VAT inakuwa 2,126,250. Kodi yote 6,938,750, yaani karibu sawa na thamani ya gari lenyewe. Gari la thamani hiyo hiyo lenye miaka 7 lingelipa 3,841,250 tu. Tofauti ya milioni tatu na ushee. Ndiyo maana gari la zamani halishuki bei kama unavyotegemea, na ndiyo maana yadi ikikuambia "hili la miaka ya nyuma nimekupunguzia sana", usiamini kabla hujakokotoa.

Sasa jumlisha 7,000,000 na kodi, unapata 13,938,750. Ongeza tozo ya reli na ya forodha, gharama za bandari, wakala wa forodha, usajili, posho ya dereva na petroli ya kupandia Mbeya, lita 60 hivi kwa gari la ukubwa huo. Tuseme vyote hivyo ni 1,500,000. Gari limeigharimu yadi kama 15,440,000. Faida ya asilimia 10 kwa mtu aliyefunga mtaji wake miezi kadhaa naiona ni ya haki, tunafika milioni 17. Kwa hiyo gari linalotajwa 19 unaanza 16, unajua unaelekea 17. Ukikomaa na 15 unapoteza muda, kwa sababu hakuna atakayeuza kwa hasara kwa kuwa wewe unajua kubishana. Kijana akiona karatasi yako ina mistari sita ya hesabu, sauti yake inabadilika. Wengi huishia kumwita mwenye yadi.

Na ni vizuri mwenye yadi aje, kwa sababu sehemu ya magari yale si yake. Yamewekwa kwa mali kauli: mtu wa Dar au wa Tunduma ameyaacha pale, ametaja anachokitaka, yadi inaweka cha juu. Kama ulipelekwa na dalali au winga, na yeye ana chake ndani ya bei hiyo hiyo. Uliza bila kuzunguka, "Gari ni la yadi au la mtu?" Kama ni la mtu, kijana hana mamlaka ya kushusha zaidi ya cha juu chake, na hata ukikaa hadi jioni hutasogea. Omba aliye na kauli apigiwe mbele yako.

Bei unayobishania iwe ya gari likiwa barabarani, si ya gari likiwa limeegeshwa. Hapa ndipo yadi nyingi hurudisha kilichopunguzwa. Mmekubaliana 17, ukirudi na hela unaambiwa usajili bado, namba bado, bima bado. Zaidi ya hapo, gari ambalo halijasajiliwa linaweza kusajiliwa moja kwa moja kwa jina lako. Likisajiliwa kwanza kwa jina la yadi, kuna gharama ya kuhamisha umiliki, na wewe ndiye utakayeilipa usiposema mapema. Andikeni kwenye karatasi moja: gari, usajili, bima ndogo, jeki na spana yake, tairi la akiba, pembetatu, kizima moto. Bei ikitajwa kwa dola, kataa kwa upole. Tangu Machi 2025 kanuni zinazuia kutaja bei na kulipana kwa fedha za kigeni kwa biashara za ndani.

Kulikagua kwa mazingira ya huku

Nenda asubuhi, saa moja au saa mbili, na shika boneti kabla hujasalimia sana. Likiwa la moto, limewashwa kabla hujafika, na Mbeya ya Juni na Julai hiyo si bahati mbaya. Baridi yetu hufichua betri iliyochoka, plagi zilizoisha na injini inayokula oili, na yadi zinalijua hilo. Moshi mweupe mwepesi dakika za kwanza ni mvuke wa kawaida wa asubuhi. Ukiendelea gari likishapata moto, na ukanuka utamu, maji ya rejeta yanaingia kwenye injini. Shuka, shukuru, ondoka. Moshi wa bluu ni oili. Mweusi ni mafuta yasiyoungua vizuri, mara nyingi sensa au vichujio, na hilo linajadilika kwa bei.

Jiji liko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na injini isiyo na turbo hupoteza kama asilimia 15 ya nguvu kwa kimo hicho. Gari la cc 1000 lililopaa vizuri Dar huku litalalamika likiwa na watu watano. Usiridhike na mzunguko wa uwanjani. Shuka hadi Mbalizi, kisha panda mlima wa Iwambi ukiwa na abiria wawili. Gia boksi ya otomatiki iliyochoka itakuonyesha hapo: mizunguko ya injini inapanda, mwendo haupandi. Wakati wa kushuka kanyaga breki taratibu. Usukani ukitetemeka, diski zimepinda. Angalia geji ya joto mpaka unarudi. Yadi inayokataa kukuruhusu kupanda mlima kwa kisingizio cha petroli, jitolee kuweka lita tano. Ikikataa tena, umeshapata jibu.

Tarehe za tairi zimeandikwa ubavuni kwa tarakimu nne: 3217 ni wiki ya 32 ya mwaka 2017. Tairi nne za namna hiyo hata kama zina meno mazuri ni za kubadilishwa. Mileji kwenye dashibodi ilinganishwe na karatasi ya mnada ya Japani kama ipo, na raba za pedali na ngozi ya usukani kama haipo. Gari la kilomita 60,000 halina pedali iliyolika hadi chuma. Kabla ya kurudi mezani pitia maduka ya spea Mwanjelwa, uandikiwe bei ya tairi, betri, shokapu na bushi za gari hilo. Ukisema "gari lina matatizo" unajibiwa "hakuna gari lisilo na matatizo". Ukiweka mezani karatasi ya duka yenye jumla, mnabishana juu ya namba.

Magari ya IT

Hapa ndipo watu wa Mbeya na Songwe huumia kuliko watu wa mikoa mingine, kwa sababu barabara yetu ndiyo njia ya magari yanayokwenda Zambia, Kongo na Malawi. Gari la IT (In Transit, la kupita tu) linapita nchini bila kulipiwa kodi ya Tanzania kwa kuwa haliishii hapa. Mara kwa mara linatokea moja linalouzwa nusu ya bei "kwa sababu mwenyewe amekwama Tunduma". Unachouziwa ni gari lenye deni la kodi, TRA wakilikamata linabaki kwao, na muuzaji namba yake haipatikani. TANSAD lazima iseme gari limeingizwa kwa matumizi ya ndani, na kodi ionekane imelipwa. Maneno ya "tutaisajili taratibu" yasikushawishi hata kwa punguzo la milioni tano.

Ndugu yake ni gari lililopandikiziwa kadi ya usajili: gari lilipata ajali likafa, kadi na namba zake zikahamishiwa kwa lingine la wizi au la magendo. Fungua boneti usome namba ya chasisi iliyogongwa kwenye ukuta wa injini. Kwa magari mengine madogo iko sakafuni chini ya kiti cha abiria wa mbele. Ilingane herufi kwa herufi na kadi na TANSAD. Ukiona chuma kimesagwa, kimechomelewa au rangi pale ni mpya kuliko pembeni, usijadili bei. Lenye namba tayari, litazame pia kwenye mfumo wa polisi wa faini za barabarani, deni lolote liondolewe kabla hujalipa.

Kulipa kidogo kidogo

Baadhi ya yadi zinakubali nusu taslimu na nusu kwa miezi 12. Gari la 18,000,000 unatoa 9,000,000, kisha 950,000 kila mwezi. Jumla unalipa 20,400,000. Utaambiwa "nyongeza ni ndogo, milioni mbili na laki nne tu", lakini nyongeza hiyo ni ya mkopo wa milioni tisa unaopungua kila mwezi, kwa hiyo riba halisi ni karibu mara mbili ya ile asilimia 27 inayoonekana. Kadi inabaki kwao, na marejesho mawili yakipita gari linafuatwa. Uliza benki au SACCOS yako kwanza.

Kwa mawakala wa magari ya sifuri kilomita, bei ya gari lenyewe husogea kidogo sana. Wanaposogea ni kwenye vitu vya kuongezea: kanopi, ndoano ya kuvutia tela, kapeti, usajili, sevisi za mwanzo. Kama pikapu ilitengenezwa mwaka jana na bado iko uwanjani, itaje tarehe hiyo kwenye maongezi. Na kabla ya kusifia dhamana, uliza sevisi inafanyikia wapi. Dhamana inayokutaka upeleke gari Dar kila kilomita 10,000 ina gharama yake.

Msimu nao una bei yake. Hela za mpunga wa Usangu na kahawa ya Mbozi zikiingia, yadi hukaza. Januari, ada za shule zikiwa zimewabana watu, wenye magari hupokea simu haraka.

Siku ya kulipa, pesa iende benki kwenye akaunti ya jina lile lile lililoko kwenye kadi au TANSAD, si kwa simu ya kijana aliyekutembeza. Mkataba uandikwe mbele ya wakili, utaje namba ya chasisi, na risiti ya EFD (mashine ya risiti za kodi) iwe na kiasi kamili ulicholipa. Ukiambiwa ikiandikwa pungufu bei itashuka, kataa, kwa sababu siku ya mgogoro utadai kile kilichoandikwa tu. Na kama kadi bado haijatoka kwa jina lako, acha sehemu ya bei mikononi mwako, milioni moja inatosha, na iandikwe kwenye mkataba kuwa italipwa kadi ikishatoka.