Go dhidi ya PHP: faili moja tu, seva imewaka!

Wadau mambo vipi, karibuni tena kwenye chaneli, leo tuko na Go, ile lugha ya programu Google waliyoitangaza 2009, tunaipambanisha na PHP, lugha ya siku nyingi ya kutengeneza tovuti, historia na goroutine (njia ya Go ya kufanya kazi nyingi kwa pamoja) naziruka mnazijua, nataka mwone kitu kimoja ambacho kimenikosha kweli kweli.

Cheki skrini. Mimi niko kwenye Mac, seva ni Linux. Naandika GOOS=linux GOARCH=amd64 go build, yaani nitengenezee programu ya kuendeshwa kwenye Linux, napiga enter... tayari! Hilo faili linaloitwa duka ndo tovuti nzima, HTML na CSS ziko humohumo ndani, maana tangu toleo la 1.16 la Go kuna embed, ya kupachika mafaili ndani ya programu. Nalirusha seva kwa scp, komandi ya kunakili mafaili kwenda kompyuta nyingine, naliwasha, narifreshi brauza, hiyo hapo! Na kwenye seva sijainstoli Go wala kitu chochote. PHP hapo ungeanza kuhangaika na toleo la seva, ekstensheni, Composer (kifaa cha PHP cha kushusha maktaba za kodi) ishushe folda ya vendor zinapokaa maktaba hizo, kikikosekana kimoja unakutana na ukurasa mweupe.

Subirini, msiondoke. Naharibu kodi makusudi, badala ya jumla, inayobeba bei ya vitu vyote alivyonunua mteja, naandika jumal. Go build... imegoma! Undefined: jumal, na mstari inakutajia. Sasa kosa hilohilo kwenye PHP 8, jumal jumlisha usafiri 5,000... ukurasa umefunguka kama kawaida! Inatoa warning tu, ambayo kwenye seva ya kazi huwa tunaificha, kwahiyo mtu kanunua vitu vya laki mbili anadaiwa 5,000 ya usafiri basi. Hii inaniudhi jamani! Najua mtaniambia PHPStan, kifaa cha kukagua makosa kwenye kodi ya PHP, ipo, sawa ipo, ila lazima ukumbuke kuiendesha, Go haikuachii hiyo nafasi.

Na upande wa kasi, Facebook wenyewe, waliojenga tovuti yao kwa PHP, 2010 walitoa HipHop, programu iliyokuwa inageuza kodi ya PHP kuwa C++, lugha yenye kasi zaidi, ili seva zipumue.

Ila bei sasa. Hosting za bei chee za cPanel (paneli ya kusimamia tovuti kwenye seva ya kushirikiana) nyingi ni za PHP, Go inataka VPS, yaani seva pepe yako mwenyewe ya kukodi, na uitunze mwenyewe, na PHP ukirekebisha neno unasevu unarifreshi, Go unabuild upya. Kwahiyo tovuti ya shule yenye kurasa tano, mpe PHP, tena bila wasiwasi. Lakini panapopita hela za watu mimi ni Go tu.

Video ijayo ni Rust, mmeiomba sana, bonyeza subscribe isikupite. Na hapo kwenye komenti niambieni VPS mnalipia ngapi kwa mwezi.