Remington .244: risasi nzuri iliyoponzwa na msokoto wa mtutu

Habari zenu watazamaji, karibuni tena. Leo mezani nina bunduki ya zamani, Remington Model 722, na pembeni yake maboksi mawili ya risasi. Yaangalieni vizuri. Hili limeandikwa .244 Remington, hili jingine 6mm Remington. Majina mawili, risasi ile ile: vipimo vya ganda havitofautiani, na zote zinaingia kwenye chemba hii. Ndugu zetu walioko Marekani huniuliza kama wainunue bunduki ya .244 wakiikuta mtumba. Jibu linategemea kitu ambacho hakijaandikwa kwenye mtutu.

Turudi mwaka 1955. Mwaka huo Winchester, kiwanda cha bunduki cha Marekani, walitoa risasi ya .243, na wapinzani wao Remington wakatoa hii .244. Kichwa cha risasi kina kipenyo kile kile, inchi 0.243. Winchester walichukua ganda la .308 wakalibana shingo; Remington wakatumia ganda la .257 Roberts, ambalo ukoo wake ni Mauser ya Kijerumani ya 7x57. Ganda la Remington ni refu zaidi, linabeba baruti zaidi, na shingo yake ndefu inakishika kichwa barabara. Mimi nasema ndilo ganda bora kati ya hayo mawili, na sitarudi nyuma.

Sasa kwa nini .243 ilienea kila mahali, na hii ikabaki kwa wapenzi wachache?

Mnakumbuka ile pia ya kuzungusha tuliyocheza utotoni? Ukiizungusha kwa nguvu inasimama wima, imetulia. Ikipungua kasi inaanza kuyumba, halafu inalala. Kichwa cha risasi ni hivyo hivyo. Mifereji iliyojisokota ndani ya mtutu ndiyo inayokizungusha, na kadiri kichwa kilivyo kirefu, ndivyo kinavyotaka kuzungushwa kwa kasi zaidi. Sikilizeni vizuri: urefu, si uzito. Mwingereza George Greenhill alitoa kanuni ya jambo hili mwaka 1879, na kanuni yake inapima urefu na kipenyo.

Remington waliweka msokoto wa 1 kwa 12, yaani kichwa kinamaliza mzunguko mmoja kila inchi 12. Winchester wakaweka 1 kwa 10, inayozungusha kwa kasi zaidi. Remington walikuwa wanamfikiria mtu wa kupiga wanyama wadogo waharibifu wa mashamba, wakamtengenezea vichwa vya greni 75 na 90 (greni ni kipimo cha uzito). Kwa kazi hiyo 1 kwa 12 inatosha kabisa. Lakini mwindaji wa kawaida hakuwa na hela ya bunduki mbili. Alitaka moja ya wanyama wadogo wakati wa kiangazi na ya kulungu msimu wa uwindaji ukifika, na kwa kulungu alitaka greni 100. Winchester walikuwa nayo. Kwenye mtutu wa 1 kwa 12, vichwa virefu vya greni 100 vyenye ncha kali mara nyingi havitulii. Kikifika kwenye karatasi ya shabaha kimelala ubavu, kinaacha tundu refu badala ya la duara.

Tofauti ya greni 90 na 100 haifiki hata gramu moja! Inaniuma kila nikiifikiria.

Mwaka 1958 Remington walibadilisha msokoto kuwa 1 kwa 9. Lakini jina lilishachafuka, na mwaka 1963 wakaiita risasi hiyo hiyo 6mm Remington. Wakati huo .243 ilikuwa imeshashika soko.

Na angalieni dunia inavyozunguka: leo wanaolenga mbali wanataka vichwa vyembamba virefu vya greni 105 na zaidi, na 1 kwa 10 ya .243 inashindwa navyo. Wengi wao wamehamia risasi mpya zaidi, 6mm Creedmoor, yenye mitutu ya 1 kwa 8 au hata 7.5.

Kwa hiyo, ukikuta bunduki ya .244 dukani, maandishi hayatakuambia ni ya 1 kwa 12 au 1 kwa 9. Pima. Kwanza hakikisha haina risasi, kwenye chemba na kwenye magazini. Chukua ufito wa kusafishia ambao mpini wake unazunguka, funga kitambaa kibane, uingize kwenye mtutu, tia alama kwenye ufito, kisha sukuma taratibu mpaka alama izunguke na kurudi juu. Umbali uliosukuma ndio msokoto wako. Rudia mara tatu.

Hii yangu imetoa inchi 12, mara zote tatu. Hili boksi la 6mm lenye greni 100 linaingia, lakini silitumii humu. Naipa greni 75, na kwa greni 75 nimeona matundu matano yakikaa karibu karibu kwa mita 100. Ikitoa 12 na wewe unataka kulungu kwa greni 100, iache dukani. Ikitoa 9, lipa uondoke nayo.